Mgomba wa Mama Boazi

Siku hizi misiba ya Chapwa haina anayeianza. Turubai linafungwa, viti vya plastiki vinashushwa, kijana anaunganisha spika kwenye jenereta, na kwaya iliyorekodiwa Dar es Salaam inamlilia mtu ambaye haikumjua. Wanawake wanafika langoni mmoja mmoja, wanasimama kidogo kama watu waliofika mtoni na kukuta daraja limeondolewa, kisha wanaingia kimya kutafuta pa kukaa. Kilio kinakuja, maana mwili hauna njia nyingine, lakini kinakuja vipande vipande, kila mtu na chake, wala hakipandi pamoja. Pale langoni pamebaki nafasi ya mtu mmoja. Pamekuwa hivyo tangu mwaka 2011.

Nafasi hiyo ilikuwa ya Ferista, Mnyiha wa Ihanda aliyeolewa Chapwa, nje kidogo ya Tunduma, akafiwa na mume mapema, akalima mahindi na maharage na kuyauza mwenyewe sokoni. Hakuna aliyemwita Ferista. Alikuwa Mama Boazi, kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama ilivyo desturi, na alikuwa Mama Boazi kwa miaka mingi hata barua za kanisani ziliandikwa hivyo.

Msibani alifika akiwa amejifunga khanga kiunoni, akasimama nje ya lango bila kumsalimu mtu. Alianza chini, karibu kama anazungumza. Alimwita marehemu kwa jina. Kisha alimtaja mama aliyemzaa, kisha mahali walikotoka watu wake, kisha kifaa alichokiacha: jembe lako nani atalishika, cherehani yako nani ataikanyaga, spana yako nani ataiokota. Alisema kwa Kinyiha, lakini hata Wanamwanga na Wandali waliohamia walijua ni wapi pa kuingia. Alipofika kwenye kifaa, wanawake wote walifungua vinywa kwa pamoja, na nyumba iliyokuwa imeshikilia pumzi tangu alfajiri ikaiachia. Haikuwa kazi. Ilikuwa zamu ambayo hakuna aliyeweza kumpokea.

Msiba mmoja tu hakuwahi kuuanza, nao ulikuwa wake.

Boazi alikwenda Saza kuchimba dhahabu mwaka 2002. Masika yaliyofuata shimo moja la wachimbaji wadogo liliporomoka likiwa na watu ndani. Wanne walivutwa nje. Waliobaki hawakujulikana idadi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameandika majina. Rafiki mmoja alisema Boazi alikuwa chini. Mwingine alisema alimwona wiki ile ile upande wa Nakonde, Zambia, akitafuta kibarua cha utingo.

Katika ukoo wa mumewe, mtu aliyekufa na mwili ukakosekana huzikwa kwa mgomba. Hukatwa mgomba, hufungwa kwa nguo ya marehemu, hulazwa, huliliwa kwa jina lake, kisha huingizwa kaburini. Hapo ndipo mama anaruhusiwa kukaa chini na kulia. Lakini ni lazima wazee wakubali kwamba mtu amekufa, na baba mdogo wa Boazi hakukubali.

"Shemeji, mtoto huyu anaweza kuwa yuko Kitwe, huko Zambia, sasa hivi anakula nshima, ugali wao," alimwambia Ferista. "Tuzike mgomba, halafu siku moja abishe hodi? Tutamwambia nini?"

"Tutamwambia karibu," alisema Ferista.

"Hapana. Tusubiri."

Alisubiri miaka minne. Aliwaanzia watu wa Chapwa nzima vilio vyao, akarudi nyumbani, akakunja khanga.

Ndipo akaja Danford.

Danford alikuwa Mndali wa Isongole aliyefungua studio ndogo Tunduma, akipiga video za harusi na kipaimara. Mwaka 2007 alikuwa na kamera moja, betri moja isiyodumu, na hamu kubwa ya kutengeneza filamu kama wale wa Dar es Salaam. Aliandika mwenyewe kisa cha tajiri Richadi anayewekewa sumu na mkewe, akakiita Mirathi ya Richadi, akawakusanya mafundi, mawakala wa forodha na waimbaji wa kwaya wakawa waigizaji. Hakuwa mtu wa mzaha. Aliamini kila neno. Na kwa ajili ya kifo cha Richadi alitaka kilio ambacho mtu akikisikia hatakisahau, kwa hiyo alikwenda kwa mtu aliyekuwa nacho.

Walipiga sehemu ile Jumanne asubuhi, kwenye chumba cha nyumba ya kulala wageni kilichogeuzwa wodi. Jofrey, fundi cherehani aliyeigiza Richadi, alikuwa kitandani chini ya shuka jeupe.

"Mama Boazi, hapa Richadi amekufa," alieleza Danford. "Wewe ndiye mama yake. Unaingia, unamwona, unalia kama unavyoliaga msibani. Basi."

"Amekufa nani?"

"Richadi. Huyu Jofrey."

Jofrey alitoa kichwa nje ya shuka. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyu mzima."

"Ni filamu, mama. Anajifanya."

"Ajifanye tu, mwanangu. Lakini mtu mzima mimi simlilii. Nikimwita akasikia, ataitikia wapi?"

Jofrey alikaa kitako. "Danford, mimi hapo nimetoka. Nina watoto watatu. Huyu mama akishakuanzia, wewe ni wa kuzikwa tu."

Watu waliokuwa chumbani walicheka. Danford aliitazama betri yake. "Sasa tufanyeje, mama yangu?"

"Tafuteni mgomba."

Wangeleta wowote, lakini hakukubali. Alichukua panga akaenda shambani kwake pamoja na bintiye Jenista. Jenista anakumbuka kwamba mama yake alipita migomba mitatu iliyonona, akasimama kwenye wa nne, mwembamba, ambao haukuwahi kubeba mkungu. Boazi naye alikuwa ameondoka hajazaa. Waliupakia kwenye toroli. Kisha Ferista aliingia ndani, akatoka na shuka la mistari ya buluu lililokuwa limekunjwa chini ya sanduku tangu mwaka 2002.

"Mama, shuka letu ni jeupe," Danford alilalamika walipofika. "La hospitali. Sehemu iliyotangulia watu wameona jeupe."

"Hili ndilo lake."

Danford alidhani anamaanisha la mgomba. Aliacha, kwa sababu ya betri.

Alilia dakika tisa. Danford alikuwa amemwambia asubiri atakaposema anza, lakini hakusubiri. Alisimama mlangoni, akajifunga khanga, akamwita Boazi. Akajitaja yeye mwenyewe kuwa ndiye mama aliyemzaa. Akataja Ihanda na Chapwa. Akauliza sururu yake nani ataishika huko chini alikoiacha. Alipofika kitandani aliuinua ule mgomba kifuani kama mtu anavyomwinua mgonjwa ili anywe maji, na utomvu ukamchirizika mkononi. Wote waliokuwa chumbani walilia. Danford alilia nyuma ya kamera, na ndiyo maana picha inatikisika. Betri ilikata mwishoni kabisa, yeye akiwa amepiga magoti.

Walipotaka kulitupa lile gogo, aliomba toroli.

Danford hakujua ametengeneza nini. Alimwekea Ferista kinanda juu ya sauti yake, akaandika tafsiri ya Kiingereza chini kwa Kiingereza alichokuwa nacho, na Jumamosi moja alasiri, mwanzoni mwa mwaka 2008, akaionyesha filamu yake kwa mara ya kwanza kwenye banda la video la Osea, nyuma ya maegesho ya malori. Alivaa suti. Aliketi mstari wa mbele.

Filamu ilikuwa mbovu kwa namna ambayo hakuna mtu angeweza kuipanga. Daktari alivaa koti la muuza nyama. Sumu ilimiminwa kutoka kwenye chupa ya soda iliyobandikwa plasta. Kuku alikatiza wodini, na dakika tatu baadaye akakatiza tena kutoka upande ule ule, asijulikane alirudi lini. Kivuli cha Danford na kamera yake begani kilimfuata Richadi kila alipotoka nje, hata mtu angedhani ndicho kinachomuua. Madereva wa Zambia walisoma ile tafsiri kwa sauti huku wameshikana mabega. Lakini mpaka hapo kilikuwa kicheko cha kawaida, cha watu waliochoka na foleni.

Kisha Richadi akafa akiwa chini ya shuka jeupe, na picha iliyofuata akawa mgomba ndani ya shuka la buluu.

Banda liliinuka kwa kicheko. Mtu alianguka kutoka kwenye benchi. Na Ferista alipofungua kinywa, sauti yake ikapanda juu ya kinanda, kila mmoja akasikia jina.

"Richadi kafa, analiliwa Boazi," alisema mmoja.

"Mama, umekosea msiba," akapaza sauti mwingine, na hiyo ndiyo iliyowamaliza.

Mle ndani walikuwamo watu wa Chapwa, waliojua Boazi ni nani na Saza palitokea nini. Walinyamaza mwanzoni. Wengine waliinamisha vichwa. Lakini kicheko cha watu mia mbili katika banda la mabati ni kama maji ya mafuriko, hayamwulizi mtu anasimama upande gani. Kabla dakika tisa hazijaisha nao walikuwa wanafuta macho, na hayakuwa machozi ya msiba.

Danford alitoka kwa mlango wa nyuma, suti yake imelowa jasho. Alijifungia siku tatu. Siku ya nne Osea alimtumia ujumbe kwamba watu wamejaa nje wanaitaka ile ya mgomba.

Inaeleweka kwa nini walirudi. Ukikaa mbele ya filamu nzuri unakaa chini yake: wale wa kwenye kioo ni warembo kuliko wewe, wanajua kupigana, magari yao yanawaka. Mbele ya filamu mbovu unakaa juu. Tunduma ni mji wa watu waliosukumwa. Dereva analala siku tano chini ya lori akisubiri muhuri wa mtu mmoja mwenye kalamu. Mchuuzi anafukuzwa upande huu asubuhi na upande ule mchana. Kwa saa moja na nusu mle bandani, hatimaye alikuwapo mtu mjinga kuliko wao, na ujinga wake ulikuwa mkubwa kama ukuta. Walimpenda kwa hilo. Walimpa yule kuku jina. Walijua ni wapi kivuli kitatokea, wakakipigia makofi kama mgeni rasmi. Walileta wageni wao, wakawatazama nyuso badala ya kutazama filamu, ili waonje tena mara ya kwanza kwa kinywa cha mtu mwingine.

Yote hayo yanaeleweka, wala hayawasafishi. Kwa sababu filamu ilikuwa na uongo wa saa moja na dakika ishirini, na kweli ya dakika tisa, na watu walivumilia uongo ili wafike kwenye kweli waicheke. Hakuna aliyejali koti la daktari baada ya wiki ya pili. Walikuja kwa ajili ya mama. Midomo yao ilikuwa inang'aa mafuta ya chipsi, na macho yao yalimfuata mwanamke aliyepiga magoti kama ya mtu anayelamba sahani ya mgonjwa aliyekufa. Na walisema wanampenda.

Danford alichapa kava jipya. La kwanza lilikuwa limeandikwa Filamu ya Majonzi. La pili liliandikwa Kituko cha Mwaka, na picha yake ilikuwa uso wa Ferista, kinywa wazi. CD zilivuka Nakonde, zikapanda mabasi ya Mbeya, zikachanganywa na filamu nyingine kumi na tisa kwenye diski moja.

Lakini CD hukwaruzika. Kilichokaa ni neno.

Ilianza kwa madereva waliolala chini ya malori mchana, mashuka yamewafunika mpaka kichwani. Wapita njia walisema, cheki boazi. Halafu wakawa maboazi. Halafu neno likatoka kwa watu likaingia kwenye vitu. Simu isiyo na kitu ndani ikawa simu boazi. Saruji iliyochanganywa na vumbi, saruji boazi. Mchumba aliyesema anajenga na hajengi, huyo naye boazi. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, wakalivisha kiambishi chao, wakasema baboazi. Ndani ya mwaka mmoja lilikuwa neno la mji, linatumika na watu ambao hawakuwahi kuiona filamu, jepesi mdomoni kama karanga.

Ferista hakuwa ameiona pia. Alisikia wanacheka, akadhani wanacheka kuku. Kuhusu neno alijua siku moja sokoni, mnunuzi kutoka Mlowo alipoingiza mkono kwenye gunia la jirani yake.

"Hili gunia boazi," alisema yule kijana. "Juu maharage, chini mchanga."

Ferista aliweka chini kopo la kupimia. "Umesemaje, mwanangu?"

"Nasema boazi, mama. Yaani feki."

"Hilo neno kakufundisha nani?"

"Ni neno tu, mama. Si la mtu."

Jirani yake alimkanyaga yule kijana mguu, lakini alikuwa amechelewa, na kwa bahati mbaya alikuwa anacheka huku anamkanyaga.

Tangu siku hiyo Ferista alikuwa na jambo moja tu alilotaka: jina la mwanawe litoke vinywani mwa watu. Aliwaomba majirani wamwite Mama Jenista. Walikubali kwa heshima. Walijaribu. Wakiteleza walishika midomo, na chini ya viganja mtu aliona mashavu yametuna. Hata salamu ikawa mtego. Alikuwa ameitwa jina lile karibu miaka thelathini, na sasa kila aliyelitamka aliona mgomba.

Alikwenda studio kwa Danford. Jenista alimsindikiza, na maneno haya ni yake.

"Sikudai kitu," Ferista alisema. "Uso wangu acha. Mgomba acha. Kelele zangu zote acha. Toa jina tu."

"Mama, hiyo CD iko Lusaka. Iko Mbeya. Nitaitolea wapi?"

"Hiyo uliyonayo wewe."

"Mama yangu, ndiyo sehemu wanayoifuata. Bila lile jina ni mgomba tu." Danford alivuta kiti karibu. "Wanakupenda, ujue. Kuna watu wameiangalia mara ishirini. Mtu haangalii mara ishirini kitu asichokipenda. Hata nafikiria sehemu ya pili. Mgomba unafufuka. Wewe utakuwa na nafasi kubwa."



"Siku ile wewe ulilia," Ferista alisema.

Danford alichukua kitambaa, akaanza kufuta kioo cha kamera ambacho hakikuwa na vumbi.

"Nililia," alisema. "Lakini siku ile hatukuwa wengi, mama."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Ferista alikwenda kwa Osea. Jenista alimshika mkono njia nzima akimwomba warudi. Osea alimtambua mlangoni, akamshika mikono yote miwili, akamwondolea mtu kwenye benchi la mbele. Banda zima lilimpigia makofi. Hayakuwa makofi ya kejeli, Jenista anasisitiza. Walifurahi kweli, kama watu waliotembelewa na bibi harusi. Ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Ilipofika sehemu yake hawakucheka mara moja. Walisubiri asimame mlangoni kwenye kioo na kujifunga khanga. Kisha watu mia mbili walilia pamoja naye. Walijua maneno yote. Madereva wa Kapiri, wauza nguo wa Makambako, wasichana wa mama lishe ambao hawajui hata salamu ya Kinyiha, walimwita Boazi, wakamtaja mama aliyemzaa, wakataja Ihanda na Chapwa, na walipofika kwenye sururu walifungua vinywa kwa pamoja, pale pale panapostahili, bila mmoja kuchelewa. Ndipo wakacheka.

Wazee wa ukoo walikuwa wamemnyima mtoto yule msiba. Tunduma ilimpa, kila Jumamosi na Jumapili, kwa utaratibu kamili, ikicheka mpaka ikashika mbavu.

Kwenye kioo Ferista aliona pindo la shuka la buluu, pale alipolishona kwa uzi mweusi Boazi alipolichana na baiskeli. Alimwonyesha Jenista kwa kidole. Kisha alisimama, na kivuli chake kikakatiza picha, na watu wakapiga makofi tena.

Mlangoni Osea alimuuliza kama amefurahi.

"Mmejifunza vizuri," Ferista alisema.

Hakuacha misiba. Watu wanaosema aliacha kwa sababu ya filamu hawasemi kweli. Miaka miwili zaidi alisimama langoni, akaanza, na watu wazima wakaingia pale pa kuingia. Vijana walibaki mbali, kwenye kuni, wameupa msiba mgongo. Kulikuwa na mabega yaliyotikisika. Alijifanya hayaoni.

Julai 2011 alifariki Ketrina, mama yake Danford, aliyekuwa amehamia kwa mwanawe kutoka Isongole na kukaa benchi moja na Ferista kanisani. Danford alikwenda mwenyewe kumchukua Ferista, asubuhi ya baridi, amevaa suti ile ile.

"Mama, najua sina uso wa kukuomba," alisema mlangoni. "Lakini mama yangu asilale kimya."

"Usiende," Jenista alisema kutoka ndani. "Mwache amlilie yeye, si anajua kupiga picha."

"Ketrina hakunikosea," Ferista alisema, akachukua khanga.

Alisimama langoni. Pale uani palikuwa na watu wengi, kwa kuwa Danford alikuwa maarufu. Alianza chini, kama kawaida. Akamwita Ketrina. Akamtaja mama aliyemzaa. Akataja Isongole na mto wa mpakani. Akavuta pumzi ili aulize jiwe la kusagia nani atalishika.

Kwenye kuni kijana mmoja alitoa pumzi kwa pua. Kilikuwa kitu kidogo, kama chafya. Wa pili akauma ngumi. Kisha kicheko kikatoka, kikapita kwenye viti, kikapita kwa wapishi, kikaingia chini ya turubai kwa wanawake waliokaa na marehemu. Mwanamke mmoja aliinua khanga kufunika uso, na khanga ikaanza kutetemeka. Hakuna aliyetaka kucheka. Sauti ilikuwa ile ile, mpangilio ule ule, na miili yao ilikuwa imefundishwa miaka mitatu jinsi ya kuujibu. Walikuwa wamejiharibu wenyewe kwa mkono wao, kwa furaha, Jumamosi baada ya Jumamosi, na sasa hawakuwa na kifaa kingine cha kulilia.

Danford alikuwa amekaa karibu na jeneza. Alitazama chini. Alibana taya mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kisha akacheka. Alicheka mbele ya mama yake, mdomo wazi, machozi yanamtoka, akisema samahani, samahani, na hakuweza kuacha.

Ferista alinyamaza. Jiwe la kusagia halikutajwa. Alifungua khanga kiunoni, akaikunja mara nne, akazunguka nyuma ya nyumba kwa wapishi, akakaa chini kumenya ndizi. Alimenya mpaka mazishi yalipokwisha. Ketrina alizikwa kimya, kama Danford alivyoogopa.

Baada ya mwezi mmoja Danford alileta kaseti ya kamera, ile ya kwanza kabisa, ameishika kwa mikono miwili. Ferista hakutoka nje. Jenista aliipokea. Anayo bado, na hakuna mtu anayemjua mwenye mashine ya kuichezesha.

Filamu yenyewe imekufa. Watu wana simu, banda la Osea limekuwa duka la mabati. Neno lipo. Mwaka huu, 2015, utalisikia kituo cha mabasi kabla hujashusha mzigo, na ukiuliza limetoka wapi utaambiwa ni Kibemba.

Gogo lile Ferista alilizika siku ile ile ya Jumanne, peke yake na Jenista, kwenye mpaka wa shamba, pamoja na shuka. Hakulia, kwa kuwa alikuwa ameshalia. Halikuchipua. Pale sasa ni nyumba ya mtu mwingine, maana shamba liliuzwa mwaka 2012, Jenista alipoolewa bondeni.

Ferista anaishi Ivuna, huko bondeni, kwa bintiye, ambako mkwewe anachemsha chumvi. Huko wanamwita Mama Jenista.